Nyumba ya Kustaafia

Tabora
11 Februari 2024

Dada Regina,

Shikamoo. Huku sisi ni wazima, na ukisikia tunalalamika ujue ni joto tu. Judith anakusalimu. Anashona sare za shule za watoto wa kambini na cherehani yake hainyamazi mchana kutwa. Erick ameanza kuota ndevu, basi tayari ananifundisha mimi baba yake siasa. Grace anauliza lini atakuja kula njegere za Mgeta, maana anasema hizi za huku zina ladha ya gunia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inashinda dukani kwenye chaji, na haya sitaki yasomwe na kila anayekuja kununua chumvi. Majibu mpe Kondo wa lori. Akishusha mboga Morogoro atayaweka kwenye basi la Tabora, nami nitayafuata stendi.

Dada, jina langu limo miongoni mwa wanaotazamiwa kuwa Luteni Kanali. Usipige vigelegele kwanza. Siku hizi mesini kwa maofisa hata mpira hauzungumzwi, kinazungumzwa kikomo. Wanasema unakuja utaratibu mpya: kiinua mgongo cha mwanajeshi kikivuka kiwango fulani, kile kilichozidi kinakatwa kodi, tena kodi ya kuuma. Sisi tuliotumikia muda mrefu, tukipanda cheo kimoja tu, tumevuka. Nikitoka nikiwa Meja nabaki chini ya mstari. Nikikubali cheo, nitasota miaka mingine halafu wanikate mwishoni. Waraka wenyewe hakuna aliyeutia machoni, lakini aliyetuambia ni mtu wa uhasibu, na wakubwa zangu wawili wameshaomba kustaafu. Hao si watu wa kukurupuka.

Basi nimekata shauri. Cheo nitakikataa na kustaafu nitaomba.

Kinachonikosesha raha ni pa kwenda. Nikivua sare, nyumba hii ya jeshi tunairudisha. Nimekopa kwenye chama chetu cha akiba, nao watajikata wenyewe kwenye kiinua mgongo. Fedha nakutumia wewe. Ninunulie kiwanja Dumila, kisiwe mbali na barabara, ili Judith afungue chumba cha kushonea, na uanze kusimamisha nyumba. Ila andika jina lako kwanza. Wanasema hao watakaokuja kukadiria watatazama na mali. Yeyote akikuuliza, hata Mjomba Leonard, mwambie ni pako. Mambo yakitulia tutaandika jina la Judith na watoto.

Kwa nini Judith na watoto, wewe unajua. Kwao Songea mtoto ni wa baba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa mama na ukoo wa mama. Wanangu wakienda kwa Wangoni wataambiwa rudini kwa baba yenu, wakija kwetu wataambiwa rudini kwa mama yenu. Nikiwepo mimi hakuna atakayethubutu. Nisipokuwepo, watalala wapi?

Ndugu yako,
Fidelis


Mgeta
17 Machi 2024

Mdogo wangu Fidelis,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, baba. Barua yako imekaa Morogoro wiki nzima kwa sababu barabara imekatika na Kondo amelala na kabichi zake njiani mpaka zikaoza. Mvua ya mwaka huu inanyesha kwa hasira. Juu kwa akina Fidea udongo umeshuka na shamba zima la viazi, ila watu wamesalimika. Mke wa Godfrey amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo mimi ni bibi mara ya pili na ukija uniheshimu zaidi. Godfrey mwenyewe anakuamkia. Ametulia siku hizi, Meja, hanywi kama zamani. Kila jioni anasema, mjomba wangu akirudi hapa tutafufuka.

Mjomba Leonard mguu unamsumbua lakini akili iko pale pale. Kila Jumapili baada ya misa ananiuliza habari zako, na siyo kwa kupitisha wakati.

Hicho cheo kikatae. Nimefurahi mpaka nimemwaga chai. Umewalinda watu wa nchi nzima, sasa rudi tukuangalie sisi. Wakukate fedha ya jasho lako kwa sababu umepanda? Toka, waachie nyota zao.

Fedha imefika. Dumila nimekwenda. Ewe Fidelis, lile joto! Nimekaa pale nikihisi naiva. Mtu mmoja amenionesha kiwanja kizuri, nikakipenda, na kabla hatujamaliza kuzungumza akaja mwingine na kusema kiwanja ni cha baba yake. Wakaanza kutukanana mbele yangu. Nikafunga kanga yangu nikapanda gari nikarudi. Sijatoa kitu, usiwe na wasiwasi. Nitatafuta palipo salama.

Kuhusu jina, nimeshafanya ulivyoagiza. Mjomba alisikia kwamba naulizia mafundi, akaniita kwake, na wanaume wengine wa ukoo walikuwepo. Akaniuliza nyumba ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akaniuliza tena, taratibu, Regina, ni yako wewe? Nikasema ni yangu. Alifurahi sana, na akaagiza nipewe kiti.

Msalimie mama watoto.

Dada yako,
Regina


Tabora
14 Aprili 2024

Dada Regina,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, na mpe pole mama yake. Huku Pasaka ilipita vizuri. Judith alipika wali na kuku na akawaita wake za majirani zetu, wakacheka mpaka askari wa zamu akaja kuchungulia.

Nimesaini. Cheo nimekikataa kwa maandishi na ombi langu limepokelewa, nitatoka kabla mwaka huu haujaisha. Kamanda aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri. Alinitazama kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akasema niende.

Wiki hii sikuwa kwenye gwaride. Nimepewa ruhusa ya kuvaa kanda mbili ofisini, si jambo kubwa, miguu tu imechoka na buti.

Sasa dada, katika barua yako umenieleza mtu wa kwanza na mtu wa pili waliotukanana Dumila, lakini hukuniambia kama umepata kwingine. Pale Dumila nitafutie kwa mtu anayejulikana. Muulize Kondo, yeye anapita huko na mboga za kupeleka Dodoma na anawajua watu. Na hayo ya kwa Mjomba sikuyapenda sana. Nilikuambia useme akikuuliza. Sikujua kwamba atakuuliza mbele ya kikao.

Nijibu mapema.

Fidelis


Mgeta
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Nilikuwa na kazi ambayo ukiiona utanisamehe. Sisi sote ni wazima. Mtoto wa Godfrey amebatizwa Jumapili iliyopita, ameitwa Fidelia, sasa nani mwenye bahati kama wewe? Baridi imeshuka mwaka huu, asubuhi mikono haikunjiki, lakini njegere zimependeza na bei haijatuaibisha.

Nyumba imeanza kupanda! Msingi ni wa mawe matupu, tumeyabeba sisi wanawake kichwani kutoka mtoni, tukiimba. Tofali kachoma Godfrey mwenyewe, tanuru lake halijaharibu hata moja. Vyumba vinne na sebule. Ukikaa barazani asubuhi, ukungu ukiondoka, unauona msalaba wa kanisa chini na mashamba yote mpaka ng'ambo. Nilimwambia fundi, dirisha la chumba kikubwa litazame huko, maana mdogo wangu amekaa miaka yote akitazama magwanda.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha hivi tangu mama atutoke.

Umeandika kuhusu kanda mbili. Mtu anapewaje ruhusa ya kanda mbili jeshini? Unaumwa nini? Usinijibu kijeshi.

Regina


Tabora
15 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Tupo. Grace amekuwa wa kwanza kwenye hesabu na Erick amevunja kioo cha dirisha la jirani kwa mpira, kwa hiyo mambo yamelingana.

Barua yako nimeisoma, nikampa Judith naye akaisoma. Akaikunja, akairudisha mezani na kuendelea kushona. Baadaye akaniuliza jambo moja: Dumila kuna ukungu?

Kwa hiyo nakuuliza wewe, Regina binti ya mama yangu. Nyumba hiyo iko wapi? Mawe ya mtoni yamebebwa kichwani mpaka wapi? Msalaba wa kanisa lipi unaonekana barazani?

Na jingine ambalo sikutaka kuliandika. Kile kikomo hakijaja. Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka makao makuu kuzungumza na wanaokaribia kustaafu. Tukamuuliza. Akasema hata yeye amelisikia hilo jambo hapa hapa Tabora, na angependa kujua nani kalianzisha. Mhasibu wetu alikuwepo, akaangalia dari. Meja mwenzangu Fransisko, ambaye hakuwasikiliza watu wa mesini, amepokea cheo na amehamia zile nyumba kubwa za upande wa pili wa uwanja wa gwaride. Mkewe amekuja kumuaga Judith kana kwamba anahama mji.

Niliomba nirudishiwe barua yangu ya kukataa cheo. Nimeambiwa haiwezekani tena, mtu mwingine ameshawekwa kwenye nafasi hiyo. Sikuwahi kuogopa risasi, dada, nimekuja kuogopa maneno ya mesini. Nilikimbia kodi ambayo haipo, na sasa nahesabu miezi ya kukaa kwenye nyumba isiyo yangu.

Nijibu kuhusu nyumba. Hayo mengine yaache.

Fidelis


Mgeta
8 Septemba 2024

Fidelis,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wazima, sitakuandikia habari nyingi kwa sababu najua hutazisoma.

Nyumba iko hapa. Iko kwetu, kwenye ardhi ya ukoo, juu kidogo ya kaburi la mama, pale tulipokuwa tukilima maharage. Ulidhani iko wapi? Ulitaka nichukue jasho lako lote nikalimwage kwenye lile joto, kwa wauza nyanya wa barabarani, kwenye kiwanja chenye baba wawili? Hapa hakuna wa kukuuzia mara mbili. Hapa ni kwako tangu hujazaliwa.

Najua utasema nini. Judith na watoto. Sasa nisikilize. Wewe ukiwepo, nani atawagusa? Utakaa miaka mingi, utawaoza wanao, utazeeka. Ardhi haina haraka.

Nyumba imeezekwa bati jipya. Godfrey analala humo na mkewe na watoto, wanailinda tu, mafundi wasiibe milango. Jumamosi iliyopita Mjomba Leonard alikuja na wazee, padre alishabariki, basi wao wakaleta pombe kidogo wakanena ya kwao. Mjomba alisimama mlangoni akasema nyumba hii ni ya dada zetu na watoto wa dada zetu, na waliozaliwa nje waingie kwa hodi. Ni maneno ya wazee, Fidelis, husemwa kila siku. Nilisimama pale pale na wao. Nilikuwa nimeshasema ni yangu. Wewe ndiye uliyeniambia niseme.

Mjomba pia amefyeka palipo kando ya mama. Amepima kwa fimbo, akasema pametosha mtu mrefu. Sikupenda alivyopima na wewe uko hai unatembea. Nikamuuliza, akasema ni usafi tu.

Nakuuliza kwa mara ya pili na hujanijibu. Kondo alikutana na dereva wa basi la Tabora, akamwambia Meja wa stendi siku hizi anakuja na pikipiki, hashuki, barua anapelekewa pale pale alipokaa. Una nini?

Rudi nyumbani. Mengine tutayamaliza tukiwa uso kwa uso.

Regina


Dumila
1 Desemba 2024

Dada Regina,

Shikamoo. Ukiona nilipoandikia usishtuke. Tumehamia hapa. Kiinua mgongo kimetoka, chama kikachukua chao, na kilichobaki kilitosha nilichokitaka. Kondo alinikutanisha na mzee mmoja, Halidi, mtu wa hapa hapa anayejulikana na wote, akaniuzia pembe ya kiwanja chake. Majirani walikuja wakashuhudia, imeandikwa Judith, na chini yake Erick na Grace. Vyumba viwili vilikuwepo tayari. Cherehani iko kwenye cha mbele na imeshaanza kupata wateja. Joto ni kama ulivyosema. Grace analala chini kwenye sakafu na anasema hatahama maisha.

Sasa nakujibu. Figo zangu zimekwisha. Niliambiwa Aprili, wiki niliyosaini, kwenye vipimo vya kutoka. Sikukwambia kwa sababu nilikuwa bado natafuta daktari atakayesema vingine. Judith anajua. Watoto wanajua kwamba baba amechoka.

Nilimpigia simu Mjomba Leonard mwezi wa kumi. Nilidhani atanifokea. Alinizungumzia kwa upole mpaka nikaogopa. Akasema, njoo, mwanangu, chumba chako kipo, kitanda kipo. Nikamuuliza, na Judith? Akasema, mkeo ni mgeni wetu, na mgeni anakarimiwa mwenyeji wake akiwepo. Nikamuuliza, na nisipokuwepo? Akaniuliza kama Tabora mvua imeanza.

Regina, Godfrey asitoke kwenye ile nyumba. Sina nguvu ya kugombana na mpwa wangu, na yeye hana kosa, amekaa alipowekwa. Imekaa na wenyewe. Nilikupa jina na fedha kwa sababu ya hofu ya kijinga, nawe ukanijengea kwa mapenzi, na kati yetu wawili tumewavua nguo wanangu. Sikulaumu peke yako. Lakini sitakudanganya kwamba sina uchungu. Usiku na mchana nina uchungu.

Nakwambia jambo na usimwambie mtu. Nitazikwa hapa. Nyuma ya chumba cha cherehani, Judith ameshaoneshwa. Watu wa hapa ni wa kila kabila na hawajui habari za ukoo wetu, lakini hili wanalijua wote: penye kaburi la baba, watoto hawaulizwi wamefuata nini. Wala wajomba wa Songea hawatawaita wapitaji. Nikilala kando ya mama, Judith na watoto watakuwa wamenisindikiza kwenu na safari yao imeishia hapo. Hapa nitawafaa hata nikiwa sisemi.

Ninajua Mjomba atakuja kunidai. Atakuja na wanaume na ataongea kwa upole vile vile, na Judith ni mmoja na ni mgeni wa lugha. Wakikuta jeneza halijashuka, watanichukua. Ndiyo maana sikutaka ujue, kwa kuwa wewe ndiye ninayekupenda na wewe ndiye ninayekuogopa. Ulitaka nirudi zaidi ya wote.

Usije sasa. Nikiona uso wako nitalegea.

Mdogo wako,
Fidelis


Mgeta
26 Januari 2025

Wifi yangu Judith,

Pole. Pole, mama. Hawajambo watoto? Mwambie Grace shangazi anamwombea, na Erick asimwache mama yake peke yake hata dakika moja leo.

Simu yako ya asubuhi niliipokea dukani nikiwa nimezungukwa na watu, ndiyo maana nilisema tu nimesikia na kukata. Usidhani ni ukali. Mjomba Leonard alikuwa amekaa karibu nami kuliko simu yenyewe. Nakuandikia jikoni, nimesema natafuta mkaa. Kondo anateremka sasa hivi na karoti za kupeleka Dodoma na nimemwambia asisimame popote mpaka kwako.

Sikia vizuri. Wanakuja. Mjomba, Godfrey, na wanaume wa ukoo gari zima. Wamekodi basi dogo, lakini dereva yuko kanisani na hawataondoka kabla ya mchana. Wanasema wanakuja kwenye msiba. Wamepakia kamba, na turubai, na shuka nyeupe mpya, na pale kando ya mama vijana wanachimba tangu ulipopiga simu. Mjomba atakukumbatia, atalia kwa kweli maana alimpenda, kisha atasema marehemu anarudi kwao na wewe unakaribishwa kumsindikiza. Atasema kwa upole. Usimwitikie hata neno moja, maana ukisema ndiyo mbele ya watu wale, imesemwa. Mimi najua.

Nilipopata barua ya Fidelis ya Desemba sikulala. Nilimkasirikia, nakwambia ukweli. Nilisema bora nimwambie Mjomba mapema, mdogo wangu asitupwe kwenye vumbi la barabara. Nilifika mpaka mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili mke wa Godfrey alikuwa akitundika mapazia kwenye dirisha lile nililolielekeza kwa fundi, anaimba, nami nikasimama njiani nikatazama. Nikarudi nyumbani. Sikusema, na leo sijasema.

Ile nyumba siwezi kuwarudishia. Nilitamka mbele yao kwamba ni yangu, na Godfrey hatatoka, na mimi mama yake sina ubavu wa kumtoa. Sitakuahidi nisichoweza. Lakini saruji iliyobaki nilikuwa nimeificha chini ya magunia ya viazi, Kondo anayo. Ni fedha ya mumeo, ni yenu. Majirani wa mzee Halidi wakusaidie. Padre akichelewa, katekista anatosha. Wanajeshi wenzake wakichelewa, msiwangoje. Mkishamshusha, mwageni zege na msalaba usimame. Wanaume wetu wana mikono migumu lakini hawatavunja kaburi lililojengewa, wataogopa.

Mimi nitakuwa ndani ya gari hilo hilo. Nikishuka nitapiga kelele kama wao, nitauliza kwa nini mmemzika bila sisi, na huenda nikakutukana mbele ya watu. Nivumilie. Kelele yangu nyingine itakuwa ya kweli.

Nilikuwa nataka nimwone uso. Mzikeni sasa, msinisubiri.

Regina